Theyyam kupandishwa jukwaani: kuienzi au kuivua uungu?

Kilinge: Wanajamvi, mada ni Theyyam, ibada ya ngoma ya kaskazini mwa Kerala, India, hasa wilaya za Kannur na Kasaragod. Msimu huanza mwishoni mwa Oktoba, siku ya kumi ya mwezi wa Thulam, hadi mvua za Juni zinapokaribia. Miungu inayochezwa hivyo hukadiriwa kufika 400. Mtu wa jamii za Vannan, Malayan au Velan, zilizowekwa chini kitabaka, hupakwa rangi, huvikwa taji, kisha mungu wa mahali pale humpanda, na Mnayar, mtu wa tabaka la juu mwenye ardhi, humwinamia. Siku hizi wanaipeleka kwenye maandamano ya Onam, sikukuu ya mavuno ya Kerala, na kumbi za watalii. Mimi napinga.

Tazameni hatua zenyewe. Wenye kavu, kile kichaka kitakatifu, humkabidhi mchezaji tambuu, popoo na sarafu. Tangu hapo yumo kwenye mwiko: hagusi nyama wala pombe, hulala peke yake, siku chache au hata 41, kutegemea mungu. Usiku huimbwa thottam, utenzi wa asili ya mungu huyo. Kisha hulala chali akichorwa uso kwa chelewa za ukuti, kazi ya saa kadhaa. Mwisho huketi kigodani mbele ya madhabahu, afungwe mudi, yaani taji, apewe kioo. Akijitazama, anayemwona humo si yeye tena. Jukwaani yote haya hukatwa, zikabaki dakika kumi za kurukaruka.

Mtu wa Pwani: Uzuri wa mwiko haujazi chungu. Juni hadi Oktoba huyo mungu wako ni kibarua wa kutafuta kazi. Haki ya kucheza, cherujanmam, ni ya ukoo na ina mipaka ya ardhi: ukoo wenye kavu tano hauwezi kuvuka kwenda kucheza kwa ukoo wenye hamsini. Na mwili huchakaa. Hata rangi si za kuchezea: manjano ya asili, manayola, ni madini ya aseniki, na nyekundu ya chayilyam ina zebaki. Akilipwa vizuri mjini kwa jioni moja bila kugusa kaa la moto, nani amkataze?

Fundi Makuti: Umegusa moto, basi tuueleze vizuri, maana watu hudhani ni mazingaombwe. Kwa Theyyam iitwayo Thee Chamundi, magogo huwashwa mapema, yakaachwa usiku kucha hadi yawe kilima cha makaa. Alfajiri mchezaji hujitupa juu yake tena na tena, mara mia na zaidi. Kinga yake ni vazi nene la makuti machanga ya mnazi, mabichi yenye maji, pamoja na wasaidizi wanaomvuta mara moja. Ajali huja makuti yakikatwa mapema yakanyauka, magogo yakiwa hayajaiva hivyo bado yana ndimi za moto, au msaidizi akichelewa. Mungu wa kike Puthiya Bhagavathi naye hufungwa mienge kiunoni. Ukumbini moto hauruhusiwi, na mataji mengine ya mianzi hupita mita tano. Hayapiti hata mlangoni. Kwa hiyo huchaguliwa miungu mifupi isiyo na moto, na mtalii anaondoka akidhani ndiyo Theyyam yote.

Binti Nahodha: Mimi linaloniuma ni maneno. Mungu akishuka huita watu kwa ukoo na cheo, husikiliza kesi za mashamba na ndoa, hugawa unga wa manjano. Mungu Pottan humhoji Brahmani, mtu wa tabaka la makuhani, kama damu yake ina rangi tofauti na ya mtu wa chini. Jukwaani anamhoji nani, waziri wa mstari wa mbele? Na Waislamu pia wamo: Bappiriyan, nahodha aliyemleta mungu wa kike kwa merikebu, ana Theyyam yake. Ukiing'oa hapo, hadithi hiyo haina wa kuisikiliza.

Mtu wa Pwani: Lakini mungu Muthappan huchezwa kwenye hekalu la Parassinikkadavu, Kannur, karibu kila siku ya mwaka, kwa tembo la mnazi na samaki mkavu, na ana madhabahu karibu na stesheni nyingi za reli za Malabar, yaani kaskazini mwa Kerala. Huyo amesafiri na hajapungua.

Fundi Makuti: Kweli, ila Muthappan akisafiri husimamishiwa madhabahu, taa huwashwa, na mchezaji ni mwenye haki na mwiko wake. Mungu huhamia hapo, hakodishwi. Mimi ningeruhusu mjini thottam na uchoraji wa uso, tuishie kabla ya kioo. Walipwe walimu kwa hilo.

Kilinge: Naweza kukubali. Ila andika sharti: anayepakwa rangi awe wa ukoo wenye haki. Wanaopanda malori ya maandamano mara nyingi ni vijana wa kukodi, na ile pesa aliyoitaja Mtu wa Pwani haifiki kwa Malayan hata rupia moja.

Mtu wa Pwani: Hapo sina ubishi. Mkataba usainiwe na ukoo, si na wakala.