Tupeane uzoefu: ziara ya kikundi cha akina mama kwenda Karonga na Mzuzu, Malawi, nini hujenga undugu na nini huuharibu

Mleta mada (Uyole, Mbeya)

Shikamooni mama zetu, habari zenu dada. Siku hizi vikoba vingi vya huku Nyanda za Juu vikivunja mzunguko havigawani kila kitu, vinatenga fungu la kuvuka mpaka. Safari inafanyika, vitenge vinanunuliwa, picha za ufukweni zinarushwa kwenye kundi la simu, na watu wanarudi hawana hata mama mmoja wa kule wanayeweza kumpigia. Humu tuandike namna ya kuifanya ziara izae undugu: hatua, kiasi, panapoharibika na kwa nini. Masimulizi ya "nilivyolia mpakani" yana uzi wake.

Naanza na idadi. Coaster inabeba watu 28 hivi, na kishawishi ni kuijaza ili nauli ishuke. Msiijaze. Wageni 14, wawili kila nyumba, nyumba saba. Wakilala watatu au wanne pamoja wanapiga stori wao kwa wao mpaka usiku, na mwenye nyumba anabaki jikoni kama mpishi wa kukodi. Gesti ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mazungumzo ya kweli yanakuja baada ya chakula cha jioni, saa ambayo gari huwa limeshawachukua wageni.

Kwenye kuwapanga wawili wawili kuna siri. Ng'ambo ya mto Songwe, ulio mpakani, ni Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa, na lugha zinasikilizana. Kikundi chenye Wanyakyusa hakihitaji mkalimani Karonga, lakini ndani yake Mhehe, Mbena na Mkinga wanakaa kimya siku zote tatu. Kwa hiyo kila nyumba apelekwe mmoja anayesikia Kinyakyusa na mmoja asiyesikia. Wenyeji wengi wa mjini Karonga wanakijua Kiswahili kwa ajili ya biashara, ila bibi wa nyumbani mara nyingi hakijui, na bibi ndiye mnayetaka kuzungumza naye. Mkishapita Chiweta kwenda Mzuzu mnaingia kwa Watumbuka, hapo tafuteni mtu mapema.

Wakala wa forodha, Kasumulu

Mleta mada umeanza vizuri, ngoja niseme ya mpakani maana ndiko ziara nyingi zinaanza kwa kununa.

Mtanzania haombi viza kuingia Malawi. Pasipoti ni shilingi 150,000. Hati ya dharura ya safari ni 20,000 na inatosha kwa nchi jirani, ila thibitisheni uhamiaji mkoani kabla hamjalipa. Kadi ya njano ya homa ya manjano kila mtu awe nayo mkononi, hata kama mwenzako alipita bila kuulizwa. Chanjo inahesabika baada ya siku 10, hivyo ya kuchanja juzi haisaidii. Ukishachanjwa cheti ni cha maisha, utaratibu huo upo tangu Julai 2016. Asikudanganye mtu kwamba kimeisha muda. Orodha ya majina na namba za hati ichapwe nakala nne, na barua ya afisa maendeleo ya jamii wa kata iambatane. Ofisa akiona kikundi kilichosajiliwa chenye orodha, maswali yanapungua.

Sasa zawadi. Wazo la kwanza la kila mtu wa Kyela ni gunia la mchele na mikungu ya ndizi. Ndivyo vinavyokamatwa. Malawi ilizuia mahindi ghafi ya Tanzania mwishoni mwa 2023 kwa sababu ya ugonjwa wa mahindi, na Machi 2025 ikasimamisha kuingiza bidhaa kadhaa zikiwemo unga wa mahindi, mchele, tangawizi na ndizi. Tanzania nayo ikajibu Aprili mwaka huo, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Haya mambo yanabadilika. Ulizeni wiki ya safari, si mwezi uliopita. Halafu mchele Karonga upo, tena wa kunukia, na wanauita Kilombero kama bonde letu. Pelekeni vitu vilivyosindikwa na kufungwa: majani ya chai ya Rungwe, kahawa ya Mbozi iliyosagwa, vikapu vya milulu vya Iringa. Kikapu kiwe kikavu na safi, kisiwe na udongo wala mbegu zilizonasa chini.

Pesa: badilisheni kiasi cha siku ya kwanza tu mpakani, kwenye duka lenye leseni, na mweka hazina ahesabu noti mwenyewe bila kuzirudisha mkononi mwa mbadilishaji. Anayezipokea "azihesabu tena" ndiye anayezikunja. Kule mnatumia Airtel Money au Mpamba ya TNM, kampuni ya simu ya huko. Msitegemee salio lenu la huku.

Dereva, Mbeya–Kyela

Kwa ufupi. Malawi wako nyuma yetu saa moja. Ibada ya saa 3 Karonga ni saa 4 ya Mbeya. Kwenda unapata saa, kurudi unaipoteza, na ndiyo maana watu hufika mpakani wamechelewa wakati saa ya mwenyeji wao inaonyesha bado mapema.

Jazeni mafuta Kyela. Kwa miaka hii Malawi imekuwa na vipindi vya foleni ndefu za mafuta. Kasumulu–Karonga ni kama kilomita 50, Karonga–Mzuzu kama 230. Kwenda Mzuzu na kurudi ni 560. Coaster ikila lita moja kwa kilomita saba ni lita 80, na tangi ni 95 hivi. Inatosha bila mizunguko. Livingstonia, misheni ya mlimani, msiilazimishe kwa Coaster kupitia barabara ya Gorode, ile ya kona za kupindana kutoka ziwani. Kodini gari dogo la huko. Gari liwe na bima ya COMESA ya kuvuka mpaka na pembetatu mbili.

Mama kikoba, Tukuyu

Wenyeji wanapatikanaje? Njia mbili. Ya kwanza ni kanisa: umoja wa wanawake wa CCAP (kanisa la Presbiteri la huko) Sinodi ya Livingstonia unaitwa Umanyano. Barua itoke umoja wa wanawake wa usharika wenu iende kwao, si kwa mchungaji peke yake, maana ikipitia kwa wanaume tu mnapangiwa mikutano na hotuba. Ya pili, naiona bora zaidi, ni vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo kule wanaviita banki mkhonde. Hao ni sisi wenyewe.

Anzeni miezi minne kabla. Mwezi wa kwanza barua na simu. Wa pili waambieni wenyeji majina na umri wa wageni, wao wapange nani akae na nani: mjane na mjane, mfuga kuku na mfuga kuku. Wa tatu kila jozi iongee kwa simu angalau mara mbili. Hapo mtu anapofika anaitwa jina lake mlangoni.

Kikao cha banki kiendeshwe hivi: wenyeji wafanye kikao chao cha kawaida, wageni wakae kimya. Kisha wageni waendeshe chao, na kisanduku na funguo tatu na kila kitu, wenyeji watazame. Baada ya hapo maswali yanajileta: riba inapangwaje, mfuko wa jamii mnautoa lini, mdaiwa sugu mnamfanyaje. Hilo la mdaiwa sugu peke yake linakula saa nzima, na vicheko. Mkianza na hotuba ya mgeni rasmi, mmeua kikao. Bebeni daftari tupu na nakala ya katiba, si daftari lenye madeni ya watu.

Siku ya kwanza mkasalimie mkuu wa kijiji, ndipo muanze chochote. Mkuu wa Wangonde wote ni Kyungu. Kufika kwake kunaombwa mapema kupitia wenyeji. Mpigie goti mwenye kupigiwa goti, mikono pamoja. Wanyakyusa hawana shida na hili, dada zetu wa mjini waelezwe kabla.

Na kazi. Juni mpaka Agosti kuna mpunga wa kupepeta na usipa (dagaa wa ziwani) wa kuanika. Ombeni kazi, msisubiri kupewa, maana mwenyeji hawezi kumpa mgeni ungo. Jikoni hali kadhalika. Nsima yao ni laini kuliko ugali wetu na inachotwa kwa upawa uliolowanishwa, kipande juu ya kipande. Kondowole ya muhogo ni shughuli nyingine: sufuria inashushwa chini na inasongwa kwa nguvu za mabega.

Msiende Januari wala Februari. Ni miezi ya ghala tupu. Mwenyeji atakopa ili mle, na deni hilo hatawaambia. Hata Julai, nunueni chakula sokoni Karonga siku ya kufika: unga, mafuta, chumvi, sabuni, mgao sawa kwa nyumba zote saba. Nyumba moja ikipata zaidi, mmewagombanisha watu mtakaowaacha nyuma.

Muuguzi, Makete

Niongeze kwa wanaotoka Makete, Njombe na Mafinga. Karonga iko ufukweni, kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, joto na mbu. Mwili wa mtu wa baridi haujazoea malaria. Kila mgeni na chandarua chake chenye dawa, hata kama mwenyeji anacho, kwa sababu atavua cha mtoto akupe wewe. Homa huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, yaani mkishafika nyumbani. Mwambieni mhudumu wa zahanati kwamba mlikuwa ziwani, la sivyo atafikiria mafua.

Ziwani msioge kwenye matete na maji yaliyotuama. Ndimo konokono wa kichocho wanapokaa. Aliyeoga apime baada ya wiki sita mpaka nane, mapema zaidi kipimo kinaweza kisione kitu.

Fundi cherehani, Iringa

Sare iwe ya wageni na wenyeji pamoja, la sivyo mnatengeneza kambi mbili. Watu 14 kwa 14 ni vipande 28 vya yadi 2. Kitenge cha yadi 6 kinatoa vitatu, kwa hiyo vitenge 10 na vinabaki vipande viwili vya wazee. Kateni na kupinda kabla ya mpaka. Vitenge 10 vizima vinaonekana biashara.

Mama kikoba, Tukuyu

@Fundi, nakubali ila msishone. Kule kitenge kinafungwa juu ya sketi, ukikishona umemnyima matumizi yake. Na kila mgeni abebe kingine cheusi au cha rangi nzito. Msiba ukitokea kijijini ratiba yote inasimama na mnakwenda: unga, kuni, kisha ndani kwenye mikeka na wanawake wenzenu. Tengeni rambirambi kwenye bajeti. Kikundi kinachokwenda museum ya Karonga kuona dinosaria Malawisaurus siku ya msiba hakialikwi tena.

Na Vimbuza si ngoma ya kuomba mchezewe. Ni ya tiba, hata UNESCO imeiorodhesha kama ngoma ya uponyaji. Ombeni Indingala, ngoma ya huko Karonga.

Mfanyabiashara, Tunduma

Wanamwanga na wenye ndugu Nakonde, Zambia, upande wetu ni rahisi zaidi. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019. Viza hakuna. Ila kwacha ya Zambia si ya Malawi, msichanganye akiba.

Mleta mada

Swali la mwisho kabla sijafunga: ziara ya marudio?

Mama kikoba, Tukuyu

Tarehe yake ipangwe kabla hamjaondoka kwao, iandikwe kwenye madaftari yote mawili, na mfuko uanze wiki hiyo hiyo: 5,000 kwa wiki kwa watu 14 ni 70,000, wiki 20 ni 1,400,000. Hati zao waanze kuzifuatilia mapema. Msiwaite Machi mpaka Mei, Kyela inafurika. Waleteni Matema siku ya gulio la vyungu pale Lyulilo, wakae na akina mama wa Kikisi wanaofinyanga kwa mkono. Vyungu vya kurudi navyo vifungwe kwenye majani makavu ya migomba, mdomo chini, viti vya nyuma visikaliwe na mtu. Vikipangwa kimoja ndani ya kingine vinapasuka kabla ya Kasumulu, kwa sababu chungu hubanwa shingoni gari linaporuka.