Mark X 2.5 V6 na Passat 2.0 turbo: ipi inachomoka?

MwanaUyole: Wakuu, habari za jioni. Magari mawili yamenikaa kichwani: Mark X ya 2.5 (GRX130, ile ya kuanzia 2009) na Passat B6 ya 2.0 turbo. Kwenye makaratasi ni pacha, HP (nguvu za farasi) 203 kwa 200. Habari za spea na bei ya kuuzia nimeshazisikia hadi basi. Mimi nauliza mwendo tu: nikikanyaga, ipi inaondoka? Naishi Mbeya, Dar nashuka mara kwa mara.

Kanyagia: Mark X. Silinda sita, na inasukuma kwa tairi za nyuma. Passat inavuta kwa mbele. Kanyaga ghafla kwenye lami yenye maji uone tairi zinavyozunguka bure. Uzi ufungwe.

FundiMakini: Usifungwe kwanza. Hizo HP ni za kileleni. Mark X inazitoa ikifika mizunguko 6,400 kwa dakika, na huko dereva wa kawaida hafiki kila siku. Tazama torki, yaani nguvu ya kusokota, inayopimwa kwa Nm: Mark X ina Nm 243, na inazipata kwenye 4,800. Passat ina Nm 280 kuanzia 1,800 hadi 5,000, muda wote huo haishuki.

Piga hesabu kwenye mizunguko 3,000. Passat inatoa kama HP 120. Mark X hata ukiipa Nm 243 zote, ambazo hapo bado haijazifikia, unapata 104. Ndiyo maana hiyo V6 ya Mark X lazima gia ishuke kwanza, injini ilie, ndipo gari liende. Ikishapanda juu lakini, inavuta vizuri sana na haikati pumzi mapema.

Kanyagia: Na ule usingizi wa turbo je? Unakanyaga, unasubiri, ndipo inakuja.

FundiMakini: Upo, hasa ukitokea mizunguko ya chini kabisa. Kuondoka taa ikiwaka kijani, sibishi, Mark X inajibu papo hapo.

BiMwendokasi: Jamani, mbona mnajibu kana kwamba kaka yetu anaishi Kigamboni? Kasema Mbeya! Kule ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo hiyo iliyopo, kwa hiyo 203 za Mark X zinabaki kama 170 hivi. Turbo inaisindilia hewa, inafidia sehemu kubwa ya upungufu. Magari yanayolingana Dar hayalingani Uyole.

Kanyagia: Hapo sina neno, dada. Ila Dar kwenye joto na foleni, hewa inayotoka kwenye turbo inachemka, kompyuta inapunguza nguvu kulinda injini. Msilisahau hilo.

MwanaUyole: Shida yangu hasa ni kuovateki malori, Makambako kushuka Igawa. Natoka 60, nataka 100 upesi nirudi upande wangu.

BiMwendokasi: Basi Passat. Lakini iliyo nzima.

FundiMakini: Neno la mwisho la dada ndilo lenyewe. Turbo ya umri huo ina mambo yake: ile valvu ya kuachia presha mpira wake unachanika, na kikombe kidogo kati ya kemushafti (chuma kinachofungua valvu) na pampu ya petroli ya presha kubwa kinaliwa. Vikiharibika hivyo, 200 unazisoma kwenye karatasi tu. Mark X nayo si malaika. Inanyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kaboni inaganda kwenye valvu za kuingizia hewa. Zote mbili zijaribie Mbeya, usizijaribie Dar. Passat ifungie mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mwenzako asome presha ya turbo wewe ukikanyaga mpaka chini. Isipopanda inavyotakiwa, rudisha ufunguo.