Mapitio ya programu chuoni: mnafanyaje yasiishie kabatini?

mhadhiri_kijana ameuliza:

Wakuu habari zenu. Nina mwaka wa tatu nafundisha chuo, wiki iliyopita mkuu wa idara kaniita akaniambia nimeteuliwa kuwa katibu wa kamati ya mapitio ya programu yetu ya shahada. Mzunguko wetu ni kila miaka mitano na jopo la nje linakuja baada ya miezi kumi. Nimekubali na nataka tuifanye vizuri.

Kitu cha kwanza nimeomba ripoti ya mapitio yaliyopita. Nimeletewa faili nene, kurasa mia na kitu, dira, dhamira, orodha ya walimu, majedwali ya kila aina, na mwishoni mapendekezo 19. Nikakaa na kalamu napitia moja moja, hili lilifanyika? Nimepata mawili tu, moja ni kubadili jina la kozi na jingine ni kuongeza kompyuta maabara. Hayo 17 hakuna mtu anayeweza kuniambia yaliishia wapi, hata waliokuwa kwenye kamati ile. Na kati ya hayo kuna moja linasema wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawawezi kuandika ripoti ya mradi inayoeleweka. Hilo tatizo ninalo mpaka leo, nasahihisha miradi hiyo kila mwaka na kila mwaka naandika maoni yale yale pembeni.

Kamati ina watu sita na wote tuna vipindi vingi. Kuna mwenzetu anashauri tuchukue ripoti ya zamani tubadilishe tarehe na takwimu tuwape. Namwelewa maana watu wamechoka kweli, ila roho inaniuma. Sasa naomba uzoefu wenu, mnaanzia wapi? Kwenye mtaala, kwa wanafunzi, kwa waajiri? Na mnafanyaje ili kitu kibadilike kweli darasani na sio kwenye makaratasi?

---

mzee_wa_silabasi amejibu:

Hongera mwanangu kwa kukubali, na hongera zaidi kwa kuanza na ripoti ya zamani maana wengi hawaifungui kabisa. Nimekuwa mkuu wa idara miaka tisa na nimepitia mapitio manne, mawili ya kwanza yalikuwa kama hiyo yako.

Ushauri wangu ni mmoja mkubwa, anzeni na kazi za wanafunzi. Msianze na mtaala, mkianza na mtaala kila mtu atatetea kozi yake na miezi kumi itakwisha mnabishana kozi iitweje. Sisi mara ya tatu tulichukua ripoti 20 za mradi wa mwisho, tukazichagua bila kuangalia nani kapata alama gani, tukafuta majina, tukakaa watu wanne mezani asubuhi mpaka saa kumi jioni tunasoma. Swali lilikuwa moja tu, mwanafunzi huyu anaeleza alipataje data zake? Nakumbuka ripoti ya sita, ukurasa wenye kichwa Mbinu, aya nzima inaeleza dodoso ni nini kama kitabu kinavyosema, vizuri kabisa hakuna kosa la lugha, lakini hakuna sehemu inayosema yeye dodoso lake aliligawa kwa nani, lini, na wangapi walirudisha. Ya saba hivyo hivyo. Ya nane hivyo hivyo. Tulipofika ya kumi na mbili tukaacha kuhesabu makosa tukaanza kuulizana, hawa watoto tumewafundisha nini?

Ndio tukarudi kwenye mtaala tukiwa na swali mkononi. Tukachora jedwali, kushoto matokeo tarajiwa ya programu (yaani mhitimu anatakiwa aweze kufanya nini), juu kozi zote, kila kisanduku unaandika A kama jambo linaanzia hapo, K kama linakuzwa, P kama linapimwa. Kwenye mstari wa utafiti kozi tano zilikuwa zimeandika A na moja P, hakuna K hata moja! Yaani kila mwalimu alikuwa anaanzisha upya, halafu mwaka wa mwisho tunapima kitu ambacho hakuna aliyewapa nafasi ya kukifanyia mazoezi. Na kozi yenyewe ya mbinu za utafiti ilikuwa mwaka wa pili, mtihani wake ni kutoa maana ya maneno. Tulikuwa tunapata tulichokuwa tunapima.

Marekebisho hayakuhitaji hata senti. Kozi tukaisogeza mwaka wa tatu, nusu ya mtihani tukaitoa badala yake mwanafunzi anaandika pendekezo fupi la utafiti, analeta rasimu, anarudishiwa na maoni, analeta tena. Baada ya miaka miwili tukasoma 20 nyingine kwa swali lile lile. Tofauti ilionekana wazi.

Na matokeo tarajiwa yenyewe muyaangalie vitenzi vyake. Ukiandika mwanafunzi "ataelewa" au "atafahamu" huwezi kuliona hilo kwenye karatasi yake. Mtaalamu wa elimu Bloom na wenzake walipanga ngazi za kujifunza tangu 1956, na zikafanyiwa marekebisho 2001 wakatumia vitenzi kabisa, kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Sio lazima mzifuate kama sheria, ila zinasaidia kujiuliza mbona mtaala unasema kuchambua na mtihani unauliza orodhesha. Mtaalamu mwingine wa elimu, John Biggs, aliandika kuhusu jambo hili 1996, kwamba kinachokusudiwa, kinachofundishwa na kinachopimwa viwe kitu kimoja. Mwanafunzi anasoma kwa kufuata mtihani, haijalishi silabasi imeandikwa vizuri kiasi gani.

---

takwimu_na_ukweli amejibu:

Naunga mkono mzee hapo juu, niongezee upande wa namba maana nafanya kazi kitengo cha uhakiki ubora na naona idara nyingi zinajaza majedwali bila kuyasoma.

Mkuu omba ofisi ya usajili wakupe data ya miaka mitano kwa kila mkupuo wa wanafunzi (yaani walioanza chuo mwaka mmoja), walioingia wangapi, walioendelea mwaka wa pili wangapi, waliomaliza kwa wakati wangapi, halafu kozi moja moja wamefeli wangapi. Usichukue wastani wa programu nzima, wastani unaficha. Utakuta programu inaonekana haina shida kumbe kuna kozi moja ya mwaka wa kwanza ndio inakwamisha watu, kila mwaka ile ile, na hata walimu wakibadilika bado ile ile. Hapo ujue shida haipo kwa mtu, ipo kwenye ile kozi ilivyokaa, pengine inategemea hesabu ambazo wanafunzi wanazisoma muhula unaofuata. Nimeshaiona hiyo, kozi mbili zilikuwa zimepangwa kinyume na miaka yote watu wanasema wanafunzi wa siku hizi wavivu.

Angalizo mbili. Kama programu yako inatoa wahitimu kumi kwa mwaka usiandike asilimia, mtu mmoja akihama asilimia inaruka kumi nzima na kamati inaanza kutafuta sababu ambayo haipo. Unganisha miaka mitatu au andika idadi yenyewe.

La pili fomu za wanafunzi kuwapima walimu. Zitumieni kujua mambo kama mwalimu anafika, anarudisha kazi kwa wakati, maelezo yanasikika. Ila msizitumie kama kipimo cha wanafunzi wamejifunza kiasi gani. Kuna uchambuzi wa Uttl na wenzake wa 2017 uliounganisha tafiti nyingi za awali na wakakuta alama anazopewa mwalimu na kiasi wanafunzi walichojifunza havina uhusiano wa maana. Nimeona mwalimu mkali mzuri sana akipelekwa kwenye onyo kwa sababu ya hizo fomu peke yake, na wanafunzi wake ndio waliokuwa wanafanya vizuri kozi za mbele. Iliniuma sana.

---

rep_wa_darasa amejibu:

Samahanini walimu wangu naingia japo mimi ni mwanafunzi, mwaka wa nne. Hizo fomu mnazosema sisi tunapewa wiki ya mwisho ya muhula, tunajaza tukiwa tunawaza mitihani, na mimi tangu mwaka wa kwanza sijawahi kuambiwa hata siku moja "mlisema hivi, tukabadilisha hivi". Ndio maana watu wanatiki tu mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Sio kwamba hatujali, ni kwamba tumeona hakuna kinachorudi.

Kuna mwalimu mmoja tu aliyefanya tofauti, wiki ya tano alitugawia vikaratasi tuandike kitu kimoja kinachotusaidia na kimoja kinachotukwamisha, bila jina. Kipindi kilichofuata akaja nazo mkononi akasema wengi mmeandika mifano inakuja baada ya zoezi, kuanzia leo inakuja kabla, na kuhusu kupunguza kazi za nyumbani sitapunguza kwa sababu hii na hii. Hata alichokataa tulikubali maana alitueleza. Tangu siku hiyo darasa lile watu walikuwa wanasema ukweli.

Ombi langu msituite siku ya mwisho kupiga picha na wageni. Mtuweke kwenye kamati tangu mwanzo, wawili sio mmoja maana mmoja katikati ya madokta sita anaogopa kuongea.

---

mhandisi_mwalimu amejibu:

Dogo rep umesema jambo la msingi na sio ombi la ajabu, miongozo ya Ulaya ya uhakiki ubora iliyopitishwa 2005 na kurekebishwa 2015 inataka jopo la wataalamu wa nje liwe na mwanafunzi ndani yake. Miongozo hiyo inapanga kazi kwa hatua nne, chuo kinajitathmini chenyewe, watu wa nje wanakuja kuona, inaandikwa ripoti, halafu kuna ufuatiliaji. Hiyo ya nne ndio idara nyingi zinaiacha, na mtoa mada ndio imekuumiza.

Kuhusu waajiri mimi natofautiana kidogo na watu wanaowaweka mbele. Upande wetu wa uhandisi tunalazimika kuwasikiliza, tuna mkataba wa Washington wa 1989 ambao vyombo vya ithibati (vinavyothibitisha ubora wa programu) vya nchi mbalimbali vinatambuana, na siku hizi kinachoangaliwa ni mhitimu anaweza kufanya nini, sio maktaba ina vitabu vingapi tu. Nakubaliana na hilo kabisa. Lakini ukimuuliza mwajiri anataka nini atakutajia programu ya kompyuta anayotumia mwaka huu, na mtaala wako utatumika miaka mitano, mhitimu atafanya kazi miaka thelathini. Muulize hivi, mtu mliyemwajiri kutoka kwetu mwezi wa kwanza alikwama wapi? Na wahitimu wenyewe waulize baada ya miaka miwili mitatu, sio siku ya mahafali wakiwa na furaha. Sisi tulitegemea watasema teknolojia, wengi wakasema hawakujua kuandika barua pepe ya kumwambia bosi kazi imechelewa na kwa nini.

---

mhadhiri_kijana ameandika tena:

Nawashukuru mno, nimezisoma zote mara mbili. Mzee nina swali, mkishapata mapendekezo mlifanyaje yasipotee? Na inakuwaje kozi inayotakiwa kuondolewa ni ya mwalimu aliyekaa pale kwenye kamati?

---

mzee_wa_silabasi amejibu:

Mapendekezo yawe machache, 19 ni mengi mno, sisi tulibaki na manne. Kila moja lina jina la mtu (sio "idara", idara haina simu), tarehe, ni nini kitaonyesha limefanyika, na kama linataka pesa basi mkuu wa kitivo amesaini kabla ripoti haijafungwa. Pendekezo lisilo na bajeti wala mtu litoeni kabisa. Halafu kila kikao cha idara, ajenda ya kwanza baada ya yatokanayo ni hayo manne, dakika kumi tu. Mtu akijua ataulizwa mwezi ujao mbele ya wenzake anafanya.

La kozi ya mtu ni gumu na sitakudanganya. Usilitoe kwenye kikao mara ya kwanza, nenda kwake mapema na jedwali, kaa naye, muulize yeye anaonaje. Mimi nilikosea hapo, nilitangaza mbele ya watu kozi ya mzee mwenzangu inafutwa, alikuwa ameifundisha miaka 14 na hakunisemesha muhula mzima. Kozi ilistahili kuondoka lakini yeye alistahili kuambiwa kwanza, na alistahili kujua atafundisha nini badala yake.

---

mhadhiri_kijana ameandika tena:

Wakuu narudisha mrejesho. Juzi tumekaa watu watatu tukasoma ripoti 20 bila majina. Yule mwenzetu wa kubadilisha tarehe nilimwomba aje saa moja tu, alikaa mpaka jioni. Kuna moja aliisoma akaishika muda mrefu, akasema mfano huu nimeutoa mimi darasani, ameuandika neno kwa neno na hajaelewa. Kisha akaomba apewe nyingine.

Tulichokikuta sicho tulichotegemea. Lugha haina shida kubwa kama tulivyokuwa tunasema miaka yote. Shida ni kwamba hitimisho halijibu swali lililoulizwa ukurasa wa kwanza, ripoti 13 kati ya 20 ziko hivyo. Jedwali la A, K, P tunachora Jumanne na wanafunzi wawili watakuwepo. @takwimu_na_ukweli ofisi ya usajili wamenipa data lakini imekuja kwa mwaka wa masomo sio kwa mkupuo, kuna namna ya kuigeuza kwenye eksel au niwarudie?

---

takwimu_na_ukweli amejibu:

Warudie, omba orodha yenye namba ya usajili na mwaka wa kuingia kwa kila mwanafunzi, majina watoe. Ukiwa na hizo safu mbili mkupuo unaupata mwenyewe. Ikikushinda nitumie inbox muundo wa safu zako bila data za watu nikuonyeshe.