Tupeane uzoefu: Wewe masikio yako yaliharibiwa na kelele gani?

Kamwene wadau. Mimi ni mtu wa mbao, Mafinga. Nimesimama pembeni ya dingdong, mashine ya kupasua mbao, miaka 14, na kabla ya hapo nilishika chenso, msumeno wa injini, msituni.

Mwezi uliopita mteja kapiga simu anataka mbao sitini za mbili kwa sita. Nikapakia tisini. Gari limefika Makambako ndipo ugomvi ukaanza, kila mmoja anaapa. Kijana wangu, aliyekuwepo wakati wa simu, akasema, "Mzee, alisema sitini." Nikamwambia ayatamke yote mawili akiwa kanipa mgongo. Sitini, tisini. Kwangu ni neno moja.

Nikaenda kupima. Unakaa kwenye chumba kidogo, hedifoni masikioni, ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Milio mizito niliipata yote. Ile myembamba nikawa nangoja, kumbe ilishapita. Mchoro wa majibu unakwenda sawa, halafu unatumbukia kama barabara ya Kitonga. Daktari akauliza, "Unafanya kazi kwenye mashine?" Sikuwa nimemwambia.

Haya, nani mwingine?

Mdau, Chunya:
Mimi karasha, mashine ya kuponda mawe ya dhahabu. Mgeni akiziba masikio tulikuwa tunamcheka, tunamwambia utazoea. Na kweli unazoea, kwa sababu husikii tena vizuri! Tulijaza pamba masikioni tukajiona tumejikinga. Sasa usiku kukiwa kimya nina nyenje kichwani, hazinyamazi. Nalala na redio imewashwa, mama watoto kachoka.

Mdau, Soweto Mbeya:
Nakaanga chipsi jirani na duka lenye spika mlangoni, kutwa nzima. Jioni nikifunga masikio yanakuwa kama yameingia maji, asubuhi yanafunguka. Kwa hiyo mimi bado mzima, au?

Mdau, Iringa (nahudumia wagonjwa wa masikio):
Dada wa chipsi, hiyo ni dalili, usiipuuze. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Zikichoka zinapumzika, zinarudi. Ukizichosha kila siku zinakufa, na kwa binadamu hazioti tena. Za sauti nyembamba ndizo hutangulia, ndiyo maana mzee wa mbao anapoteza "s" na "t" lakini mashine anaisikia vizuri tu.

Kikomo tunachotumia: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Chenso inafika kama 110, hapo bila kinga hata dakika 2 ni nyingi. Pamba haizuii kitu cha maana. Tafuta vizibo vya sponji, unakisokota chembamba, unavuta sikio juu, unakiingiza na kukishikilia mpaka kivimbe. Au vile vikubwa vya kufunika sikio zima.

Na jamani, kutia mafuta ya moto na kitunguu saumu masikioni acheni. Nenda kwanza uangaliwe, wengine ni nta tu imejaa. Uliyeajiriwa, ugonjwa huu ukithibitishwa umetokana na kazi unaweza kudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa hiyo tunza vipimo vyako.

Mdau, Mbarali:
Mashine ya kukoboa mpunga. Sikio la kushoto, upande wa injini. La kulia afadhali.

Mleta mada:
Asanteni. Vijana nimewanunulia vya kufunika sikio zima. Mmoja kavivaa juu ya kofia ya sufi kwa sababu ya baridi, nikamvua kofia kwanza, maana sauti inapenya pale pembeni.

Mimi simu ikilia sikuwa naisikia, ule mlio wa kindege. Mke wangu kaubadilisha, kaweka ngoma nzito. Huo naupata hata nikiwa uani.