Mjadala: Je, Nairobi ianzishe okestra inayolipa mshahara?

MLETA MADA (mpiga viola, fidla iliyo kubwa kidogo, Donholm)

Ndugu aliyetangulia kuchangia anasema vijana wetu wa muziki wa klasiki wameshatoboa, kwa kuwa siku hizi wako wanaoalikwa kupiga kwenye matamasha ya kiangazi Ulaya. Anauliza: basi wanalia nini, na kwa nini kodi ya mama mboga iwalipe mshahara? Nimjibu mimi, maana ni mmoja wa walioalikwa.

Ilikuwa Julai, jua la huko bado liko juu saa mbili usiku. Siku ya kwanza ya mazoezi, mwenzangu tuliyesoma naye noti kwenye kinara kimoja akaniuliza natoka okestra gani. Yeye alikuwa na yake: mshahara kila mwezi, bima, pensheni. Kwenye tamasha alikuja akiwa likizoni. Nikamweleza kwamba kwetu tunakutana jioni baada ya kazi, kila mtu amejitolea. Akauliza, "Sasa unaishi kwa nini?" Nikashindwa kumjibu kwa sentensi moja. Akachukua penseli, akaniwekea alama za uta kwenye ukurasa wangu, tukaendelea.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ndugu yangu halioni. Tamasha la kiangazi si ajira. Linasimama juu ya ajira. Kule Salzburg, Austria, tamasha lililoanza 1920, nguzo yake ni okestra ya Vienna Philharmonic, na wale wapigaji wameajiriwa na jumba la opera la Vienna. Tamasha la Bayreuth, Ujerumani, tangu 1876, hukusanya wapigaji kutoka okestra mbalimbali za nchi hiyo, wanaokuja wakati okestra zao zimefunga msimu. Tamasha la Verbier huko Uswisi lina okestra ya vijana wa miaka 18 hadi 28, lakini ile ni shule: unanolewa, kisha unakwenda kwenye usaili, mara nyingi raundi ya kwanza unapiga nyuma ya pazia ili usijulikane u nani, unagombea kiti kimoja chenye mshahara. Mimi nikishanolewa, kiti changu kiko wapi?

Nilirudi Nairobi kwenye baridi ya Julai na mawingu yake. Jumatatu nikaenda kufundisha mtoto Lavington, Jumanne wawili Kileleshwa, Jumamosi harusi. Mwenzetu wa selo akipanda matatu hulipa viti viwili, kimoja chake na kimoja cha selo, na akifika, mwenye shughuli anamwambia asubiri pesa mpaka keki ikatwe. Krismasi iliyopita tulipiga mahali ambapo kiingilio hakikuwa cha mchezo. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Sisi tulipewa nauli.

Nairobi Orchestra ipo tangu miaka ya 1940. Chuo cha muziki, Kenya Conservatoire, tangu 1944. Tamasha la muziki la shule lilianza 1927. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba jambo hili ni geni na lipewe muda. Lina karibu miaka mia moja, na bado mpiga fidla wa Nairobi hana mwajiri.

Na serikali inajua kuajiri wanamuziki! Polisi wana bendi, jeshi lina bendi, magereza wana bendi. Rafiki yangu wa tarumbeta tulihitimu siku moja. Alijiunga na bendi, leo ana hati ya mshahara, benki imemkopesha, amejenga Kitengela. Mimi benki iliniuliza mwajiri nikaandika "harusi". Tarumbeta ina mwajiri, fidla haina, basi, wala si kwamba mmoja alijituma zaidi. Ninachoomba ni viti thelathini vya kudumu, vipatikane kwa usaili wa haki. Mnasemaje?

MWALIMU MSTAAFU, SIAYA NA NAIROBI

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na uchungu wako nauona. Lakini umetaja Salzburg na Bayreuth kabla ya kutaja orutu hata mara moja. Orutu, fidla yetu ya Wajaluo, ina uzi mmoja na ina uta, kama viola yako, na mzee anayeipiga naye hulipwa keki ikishakatwa. Kama kodi itanunua viti thelathini, mzee huyu atakaa wapi? Msimweke nje mlangoni kwa sababu hasomi noti. Wimbo wetu wa taifa ulitoka kwenye bembelezi la Wapokomo, na walioutengeneza 1963 walianza kwa kusikiliza.

MZAZI, KOROGOCHO

Binti yangu anapiga klarineti na Ghetto Classics, mradi wa muziki wa watoto wa mtaani kwetu, pale kanisani karibu na jaa la Dandora. Mimi siombi okestra. Naomba walimu. Akimaliza shule, akiajiriwa kufundisha muziki shule ya msingi hapa hapa mtaani, nitashukuru. Viti thelathini ni vya watu thelathini. Shule ni ngapi Nairobi?

ALIYETANGULIA KUCHANGIA

Mimi narudia: hospitali ya kaunti hainunui pamba, na nyinyi mnataka pamba ya masikio. Kinshasa wana okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la huko Kongo, tangu 1994, ya kujitolea, na dunia nzima inaijua. Kwa nini wao waweze?

MLETA MADA

Nianze na Kinshasa. Wale watu nawavulia kofia. Lakini wanapiga baada ya siku nzima ya kazi nyingine, na wapo waliojifunza wenyewe, na walifika pale kwa imani ya kanisa lao. Kujulikana na dunia nzima hakulipi karo. Mtu akistahimili shida vizuri, isiwe sababu ya kumwachia shida hiyo. Na hospitali: sijaomba ipunguziwe hata shilingi. Pesa za bendi tatu za serikali zinatengwa kila mwaka na hakuna aliyewahi kuziwekea pamba ya hospitali kwenye mizani. Kwa nini mizani iletwe pale tu fidla inapofika?

Mama wa Korogocho, umenigonga mahali panapostahili. Naomba tu uone kwamba haya mawili hayagombani. Mtu wa kumfundisha binti yako klarineti vizuri ni yule anayeipiga kila siku na watu wanaompita uwezo. Masharti ya kiti yaseme hivi: asubuhi mazoezi, alasiri tatu kwa wiki shuleni, na shule zenyewe ziwe za Eastlands kwanza. Mimi ningesaini mkataba huo kesho.

Mwalimu, wewe ndiye umenifanya nilale nikiwaza. Ni kweli, sikuitaja orutu, na nimekulia nikiisikia kwa mjomba kila Desemba. Kituo cha utamaduni cha Bomas, kilichoanzishwa 1971, kiliajiri wapigaji na wachezaji wa ngoma za asili, kwa hiyo mlango huo uliwahi kufunguliwa, ila ulibaki mwembamba na macho yake yakaelekea kwa watalii. Nabadilisha ombi langu. Viti viwe thelathini, kumi kati yake viwe vya ala zetu za nyuzi, orutu, nyatiti, wandindi na wenzao, kwa mshahara uleule, na usaili wao usimamiwe na wazee wanaozijua, bila karatasi ya noti mbele ya mtu. Nitabaki na viti ishirini vya kugombania, na huenda changu kisiwemo. Ila swali moja, Mwalimu: mjomba wangu huikaza orutu yake kufuata koo la anayeimba, sisi tunakaza nyuzi kufuata sauti ya oboe, zumari la okestra. Siku ya kwanza ya mazoezi, nani atamfuata mwenzake? Wewe ungeanzaje?