"Haya umeyatoa wapi?" Nesi wa kliniki ya watu wazima, leo umenimaliza!

MamaMdogo_Mbagala
Wakuu, nimefika nyumbani sasa hivi, viatu sijavua, mikono inatetemeka. Nisipoandika nitapasuka.

Mnamjua. Aliyewahi kukaa benchi lile anamjua, yule wa wigi jekundu, ana sauti ya mpiga debe wa Rangi Tatu. Leo kamuuliza mtoto wangu mbele ya watu: "We binti, mdogo hivi, haya umeyatoa wapi?"

Umeyatoa wapi! Kwani vitumbua hivyo?

Mtoto katimiza miaka 18 mwezi uliopita. Alizaliwa na virusi vya ukimwi. Dada yangu alifariki mtoto hajaota hata jino, nikamlea mimi. Kliniki ya watoto kaanza akiwa mgongoni mwangu. Dawa ya maji chungu kama shubiri tumeibembeleza mpaka akafikia vidonge. Sista wa kule alimjua mpaka jina la paka wake. Jumamosi anakutana na wenzie kwenye klabu ya vijana palepale kliniki, wanacheza, wanaongea yao, wanachukua dawa. Kipimo cha wingi wa virusi, miaka 3 mfululizo havionekani. Halafu wiki iliyopita kapewa karatasi: umekuwa mkubwa, nenda mlango wa pili. Basi. Karatasi!

Leo kafika, kamwamkia shikamoo, kampa kadi kwa mikono miwili. Hakuitikiwa. Yule kafungua kadi, kainua kichwa, akaisema kwa sauti iliyovuka na pantoni hadi Kigamboni: "Haya umeyatoa wapi?" Akaongeza, "Na bwana wako aje apime."

Mtoto hana bwana. Kaniangalia vilevile kama siku ile nilipomweleza, ana miaka 11, kwa nini anakunywa dawa kila siku. Kachukua kadi yake, katoka. Dawa hatukuchukua. Sasa kajifungia chumbani, na vidonge vimebaki vya siku 4.

Siku 4! Na yule saa hizi anakula wali!

Kichwa_Ngumu
Uzi mrefu kama foleni ya Ubungo, jina la hospitali hamna. Taja au funga uzi.

MamaMdogo_Mbagala
Nikitaja, mtaa mzima utajua mtoto ni nani. Umeyatoa wapi!! Naisikia mpaka sasa.

Sista_Mstaafu
Pole sana mdogo wangu. Nimekaa CTC, kliniki ya dawa za ukimwi, miaka mingi. Kijana hahamishwi kwa karatasi. Unamwandaa mapema, ajue mwenyewe jina la dawa zake na majibu ya kipimo chake, kisha unampeleka wewe mwenyewe mpaka kwa nesi wa huko, wafahamiane. Asipofika tarehe yake, unampigia simu. Na siri ya mgonjwa ni sheria, ipo tangu 2008, siyo hisani ya mtu. Kesho asubuhi mtafute sista wake wa zamani. Dawa zisikatike hata siku moja, nimeona watoto waliokuwa vizuri kabisa virusi vikapanda hapohapo kwenye kuhama.

Dogo_wa_Temeke
Mimi nilihamishwa mwaka juzi. Kwa watoto nilikuwa naitwa jina, kwa wakubwa naitwa namba. Niliulizwa swali hilohilo na mimi nilizaliwa nayo. Sikurudi miezi 5. Kilichonirudisha ni kifua. Mama, mwambie mwenzangu asinifuate.

Mzee_wa_Kimara
Na wewe dada, mtu ana miaka 18 unamsindikiza kliniki? Mwache akue.

MamaMdogo_Mbagala
Mzee, ungekuwepo ukasikia "umeyatoa wapi" usingeandika hivyo. Usingeandika!

Bi_Sukari
Afadhali nyie mmesemeshwa. Kliniki ya sukari faili langu limepotea mara 3. Leo naandikishwa kama mgonjwa mpya, na sukari ninayo tangu 2009.

Fundi_Jokofu
Faili tu? Mimi nimelipia kipimo, naambiwa mashine mbovu, na hela hairudi.

Mzee_wa_Kimara
Hayo yote tisa. Kumi ni makonda. Asubuhi wanawaacha wanafunzi kituoni kwa sababu nauli yao ndogo, mwalimu anamchapa mtoto kwa kuchelewa.

Kichwa_Ngumu
Hapo Mzee nipo na wewe. Jana konda kala chenji yangu 400, naidai ananiambia nimekunywa.

MamaMdogo_Mbagala
Jamani, turudi kwa yule wa wigi.

Bi_Sukari
400? Mimi wa Gongo la Mboto kaondoka na 2,000 nzima, kashuka Buguruni akapotelea sokoni.

Fundi_Jokofu
Wanashirikiana na dereva hao.

MamaMdogo_Mbagala
Dogo wa Temeke, nimemsomea uliyoandika, nikiwa nje ya mlango. Amefungua. Ameomba uji.

Kichwa_Ngumu
Konda wangu ana kofia ya kijani, jino la mbele hana. Wa njia ya Buguruni mnamjua huyo.