Re: Kusomea afya ya akili, jamii za Waaborijini

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo.

Nalea wazee hapa Adelaide na nimechoka nao, Mungu anisamehe. Nataka kuhamia afya ya akili, tena kwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, huko Alice Springs. Nimeona Cheti cha Nne (Certificate IV) cha Afya ya Akili, na pia shahada ya Djirruwang ya Chuo Kikuu cha Charles Sturt. Nichukue ipi? Na sisi weusi wenzao, si watatupokea kirahisi?
Mama Imani

---

Marahaba, Mama Imani.

Djirruwang iache. Ni ya Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait peke yao, na ni haki yao. Hali kadhalika ile kada ya wahudumu wa afya wa Kiaborijini inayosajiliwa kitaifa tangu 2012: huwezi kuingia kwa kusoma tu. Cheti cha Nne kiko wazi kwa wote, na kina saa 80 za mazoezi kazini. Ukiweza, mazoezi hayo yafanyie kwenye kliniki inayoendeshwa na jamii yenyewe. Hapa Alice kuna Congress, iliyoanza 1973, miaka miwili baada ya ile ya Redfern, Sydney. Huko bosi wako huenda akawa Mwaborijini, nawe utajifunza mengi kwa kukaa kimya tu. Kabla ya yote, fanya kozi ya siku mbili ya huduma ya kwanza ya afya ya akili, ile iliyotungwa kwa ajili ya jamii hizi.

Hilo la weusi ndugu yangu, lishushe begani kabla hujapanda basi. Ukibisha hodi na kitambulisho shingoni na faili mkononi, mama wa nyumba haangalii ngozi yako. Anawaza watoto. Ripoti ya 1997 kuhusu watoto wa Kiaborijini walionyang'anywa familia zao imeandikwa, serikali ikaomba radhi bungeni 2008, lakini walionyang'anywa wengine wangali hai, na waliokuja kuwachukua walikuwa watu wa faili. Kwa hiyo ziara za mwanzo usiulize dalili wala usingizi. Sema kwenu ni wapi, wazazi wako ni kina nani, ukubali kuhojiwa wewe. Mzungu wa ofisini ataona unapoteza muda. Mwache aone.

Msiba nao unasimamisha kila kitu, na mteja asipokuja wiki mbili usimwandike "hana ushirikiano". Sehemu nyingi jina la marehemu halitajwi, na picha yake haionyeshwi. Sisi tunaorithisha watoto majina ya babu zao tunateleza hapo haraka sana. Ukipanga kikao cha familia, muulize kwanza mfanyakazi Mwaborijini nani hakai na nani: mkwe wa kiume na mama mkwe chumba kimoja ni balaa. Na mteja akimtaka ngangkari, mganga wao, usikunje uso. Baraza la Wanawake la NPY (Ngaanyatjarra, Pitjantjatjara na Yankunytjatjara) hapa Alice linafanya kazi nao rasmi, na wanashirikiana na hospitali.
Mzee wa Alice

---

Naongezea kidogo. Mama Imani, kama ulishasajiliwa kuwa muuguzi huko kwetu nyumbani, usikimbilie Cheti cha Nne, utajishusha bure. Pambana kwanza na usajili wa AHPRA, shirika linalosajili wataalamu wa afya Australia, halafu usome stashahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili. Ni ghali na mtihani wa Kiingereza unatesa, lakini mshahara haulingani kabisa.

Mzee hakugusia lugha. Ukitoka mjini, Kiingereza kwa wengi ni cha tatu au cha nne. Ukiuliza habari ya sauti za kichwani, "Unasikia sauti?" utajibiwa ndiyo. "Husikii sauti?" Ndiyo vilevile, ili uridhike uondoke. Hapo mtu anaandikiwa dawa nzito kwa adabu yake tu. Northern Territory ina huduma ya serikali ya wakalimani wa lugha za Kiaborijini, itumie hata kama daktari ana haraka.

Omba Kadi ya Ochre mapema, bila hiyo hugusi kazi ya watoto huku. Na mwajiri wa vijijini akikuita, muulize habari ya nyumba kabla hujasaini. Masika barabara nyingi hufungwa, usije ukakuta unalala kliniki.
Dada wa Darwin